Umri wa Vidonda

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa kliniki amenipa kazi. Kila asubuhi nipande mizani kabla ya chai, niandike kilo, kisha niandike vikombe vya maji nilivyokunywa jana. Moyo umepanuka, anasema, na uzito ukipanda ghafla maana yake ni maji, si shibe. Mkwe wangu akaninunulia daftari lenye jalada la kijani. Leo: kilo 61, vikombe vinne. Mistari miwili tu na ukurasa umebaki mtupu. Mimi niliandika ripoti za mifugo kwa miaka thelathini na minne, siwezi kuuacha ukurasa mtupu ukinitazama. Nitaujaza.

Ijumaa, 7 Machi
61. Vikombe vinne. Mvua ya kwanza ya kweli.
Lori limeleta mtamba aliyenunuliwa na mwanangu. Mweusi, mwenye baka jeupe kifuani, macho mazuri. Dirisha langu linatazama banda moja kwa moja, kwa hiyo nimeona yote kama mtu aliyekata tiketi. Mkwe amempa jina la Mgeni. Shangazi, ng'ombe wetu mzee mwenye ndama mchanga, alimnusa, akamgeuzia makalio.
"Amekubali," mwanangu akasema.
"Mimi pia nilipokuja kuolewa hapa nilikubaliwa hivyo hivyo," mkwe akasema.
Nilimuuliza mwanangu kibali cha kusafirisha kiko wapi. Akasema kinakuja. Nikamwambia mnyama mpya anakaa peke yake wiki tatu. Akasema, "Baba, banda ni moja." Ni kweli, banda ni moja.

Jumamosi, 8 Machi
61. Mvua. Nimelala.

Jumanne, 11 Machi
61 na nusu.
Fundi wa kuchomelea amekuja kutengeneza lango la banda, ambalo bawaba zake zimeoza. Anakaa kule chini penye barabara, ana ng'ombe wawili. Mgeni alikuwa anamsumbua, anamlamba mikono na aproni, ikabidi amkumbatie kichwa na kumsukuma. Alipiga mluzi kazini kutwa nzima. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Tulimwita Mzee Filimbi, maana ng'ombe wake hawakushusha maziwa mpaka awapigie mluzi.
Nilivuta pazia. Nikamwambia mkwe ni mwanga wa mashine unaniumiza macho.

Jumatano, 12 Machi
62. Vikombe vitatu.
Fundi amerudi, amemaliza bawaba ya chini, mvua ikamfukuza kabla ya ile ya juu. Lango limefungwa kwa kamba.
Mgeni hakumaliza majani yake. Anachapachapa midomo kama mtu anayeonja mchuzi.

Alhamisi, 13 Machi
62.
Udenda. Unaning'inia mpaka magotini, mweupe, wenye povu. Na anainua mguu wa nyuma, anautikisa, anaushusha, anainua mwingine.
Nimemuuliza mwanangu jioni. Akasema amechomwa na mwiba. Nikasema mwiba hautoi udenda. Akasema majani mabichi ya mvua hufanya hivyo. Mwanangu hajui mifugo, anajua maziwa. Mimi ninajua mifugo, na nilinyamaza.

Ijumaa, 14 Machi
62 na nusu.
Nimemwambia mkwe anibebe na kiti mpaka bandani. Yeye na mwanangu wakanibeba kama sanduku. Nikamwambia mkwe amfungue Mgeni mdomo, ashike ulimi kwa kitambaa, auvute pembeni. Malengelenge yameshapasuka, ngozi ya ulimi imechunika, chini yake nyama nyekundu, mbichi. Ufizi vivyo hivyo. Katikati ya kwato, lengelenge moja bado halijapasuka. Siku mbili.
Umri wa kidonda cha ugonjwa wa miguu na midomo unasomeka kama sura ya mtu. Siku ya kwanza na ya pili, lengelenge zima au limepasuka sasa hivi. Siku ya tatu, nyekundu, kingo kali. Kuanzia ya nne, kingo zinalegea na utando wa kijivu unaanza kutanda. Siku ya saba, kovu linaanza kujaa kutoka chini. Baada ya hapo macho hubahatisha.
"Ripoti leo," nikamwambia mwanangu.
Akapiga magoti mbele ya kiti changu, hapo kwenye samadi. Ana miaka hamsini na moja. "Baba, uchaguzi wa ushirika wa maziwa ni Jumamosi ijayo. Nikiripoti leo, watasema mwenyekiti mwenyewe ameleta ng'ombe bila kibali. Nipe siku nane. Maziwa yetu sitayapeleka, nitamwaga. Hakuna atakayeingia hapa."
"Aliyeingia ameshaingia," nikasema.
"Nani?"
Nilikuwa namfikiria Fundi na aproni yake iliyolambwa.
Nilipaswa kumwambia hapana. Nilisema nimechoka, nirudisheni ndani.

Jumamosi, 15 Machi
63. Mwanangu amemwaga maziwa nyuma ya choo. Mkwe hasemi naye.

Jumatatu, 17 Machi
63. Shangazi naye ameanza udenda. Mkwe anamkamua akilia, maana chuchu zina malengelenge na Shangazi anarusha mateke.
Alasiri, habari: ng'ombe mmoja wa Fundi anatokwa udenda. Fundi ameenda mwenyewe, papo hapo, kumwambia daktari wa mifugo. Hakusubiri hata saa moja.

Jumanne, 18 Machi
63. Karantini imetangazwa. Hakuna mnyama kutoka wala kuingia, mnada umefungwa, njiani kumewekwa ndoo za maji ya magadi za kukanyaga, kuua ugonjwa miguuni. Mkwe amerudi kutoka kituo cha maziwa na maneno ya watu: ni ile ile nyumba ya Fundi. Baba alileta, sasa mwana. Kuna mzee mmoja wa ushirika ameapa kwamba safari hii nyumba hiyo isiruhusiwe kufuga tena.
"Baba, ni kweli Mzee Filimbi alileta ugonjwa zamani?" mkwe akaniuliza.
Nikasema chai imepoa, aniletee nyingine.

Jumatano, 19 Machi
64. Miguu imevimba mpaka magotini, ukiibonyeza shimo linabaki.
Nitaandika yote ya leo, hata mkono ukichoka.
Daktari wa mifugo amekuja. Ni binti wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mabuti yake ya mpira yamemzidi hata watu wanamwita Binti Mabuti, naye anaitika. Aliyaacha langoni, akakanyaga ndoo ya magadi, akaingia peku. Hakuja kukagua, mwanangu alishamwambia kwetu ni salama. Alikuja kuniona mimi.
"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba. Sikukufundisha."
"Ulimfundisha aliyenifundisha. Alikuwa akisema kuna mtu alisoma vidonda kuliko maabara."
Akatoa simu, akanionyesha picha za ulimi wa ng'ombe wa Fundi. Zilipigwa jana. Akaniuliza ni siku ngapi. Nilivaa miwani, nikazitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Siku moja. Pengine ya pili inaanza."
"Hata mimi nimeona hivyo," akasema. "Lakini wanaushirika wananiambia lazima Fundi awe wa kwanza kuuleta, kwa sababu ya historia. Wameniletea hii." Akafungua bahasha. Ilikuwa ripoti yangu, ya miaka arobaini na sita iliyopita, taipu ya ofisi, saini yangu chini ikiwa na mkia mrefu wa ujana. "Uliandika kwamba vidonda vya ng'ombe wa baba yake vilikuwa vya siku saba wakati nyumba nyingine zote zilikuwa za siku mbili. Kwa hiyo aliuficha siku tano. Wanasema hii ni familia ya kuficha. Jumamosi wanataka kupitisha kwamba maziwa yake yasipokelewe tena, hata karantini ikiisha. Nikasema nije kwako kwanza, mwalimu. Ukiniambia una hakika na ile saba, basi nitakaa kimya."
Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni.
"Mwanangu," nikamwambia yule binti, ingawa si mwanangu, "vaa mabuti yako. Nenda bandani. Mwangalie mtamba mweusi, halafu uniambie ni siku ngapi."
Mwanangu akasema, "Baba."
"Nenda."
Alikaa huko dakika kumi. Tulimsikia akizungumza na Mgeni kwa upole, kisha akimfungua mdomo. Mwanangu aliketi ukingoni mwa kitanda changu, kiganja chake juu ya mguu wangu uliovimba. Hakukiondoa.
Binti alirudi, uso umebadilika. "Saba," akasema. "Makovu yameshaanza."
"Fundi alikuwa hapa tarehe kumi na moja na kumi na mbili. Alikuja na aproni safi. Sisi ndio tuliompa."
"Na ile saba ya zamani?"
"Ile ilikuwa mbili," nikasema.

Alhamisi, 20 Machi
64. Jana nilishindwa kuendelea. Leo naeleza.
Nilikuwa na miaka thelathini na saba, bwana mifugo wa eneo zima, na baiskeli ya serikali. Mvua kama hizi. Asubuhi moja niliitwa shamba la shule, nikakuta ng'ombe kumi na mmoja wanatokwa udenda. Nilifungua midomo yote kumi na moja kwa mikono yangu. Nilijua ni nini, na nikashikwa na haraka ya kuwaonya wafugaji kabla hawajapeleka ng'ombe mtoni. Magadi yalikuwa yamekwisha ndooni. Mengine yalikuwa stoo, saa nzima kwenda na kurudi. Nilisuuza mabuti mtaroni, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikapanda baiskeli.
Nyumba tano siku hiyo. Ya kwanza kwa Mzee Filimbi. Kila nyumba niliwaonya, na kila nyumba, ili niwe na hakika, nilifungua midomo ya ng'ombe, nikavuta ndimi. Nilikimbilia kuwaonya watu, nami ndiye niliyewapelekea.
Siku tatu baadaye nyumba zote tano ziliugua, siku moja, kama zilizoitwa kwa kengele. Nilipozikagua vidonda vilikuwa vya siku mbili, vyote. Ofisi kuu ikauliza: nyumba tano zisizopakana zimeuguaje siku moja? Nilifungua daftari langu la ziara nikaona jibu, kwa mwandiko wangu, kwa mfuatano wa baiskeli yangu.
Nyumba ya Mzee Filimbi ndiyo iliyokuwa karibu na shamba la shule. Kwenye ripoti, mahali pa umri wa vidonda vya ng'ombe wake, niliandika saba. Kama ni siku saba, basi ugonjwa ulikuwa kwake kabla sijafika, shule iliupata kwake, na yeye aliuficha. Tarakimu moja tu.
Sikufikiria watafanya nini. Hilo ni uongo pia. Nilifikiria, nikaandika.
Ng'ombe wa nyumba nyingine waliachwa wapone. Wa Mzee Filimbi, wanne, waliamriwa kuchinjwa na kuzikwa kwa chokaa kama chimbuko. Walikataa kutoka zizini. Akawapigia mluzi, wakamfuata mpaka shimoni. Mimi nilishika kamba ya mmoja. Mwanawe wa miaka tisa alishika ya mwingine.
Baadaye watoto shuleni walimpa yule mwana jina la Udenda. Mwanangu alikuwa darasa la mwanzo wakati ule. Nilimsikia akiliimba uani, nikamwambia aingie ndani akaoge.

Ijumaa, 21 Machi
65. Mwanangu amejiripoti ofisini, kwa maandishi. Amejitoa kwenye uchaguzi. Amerudi, hajala, amefagia banda lote kwa magadi, peke yake.

Jumapili, 23 Machi
65. Ndama wa Shangazi amekufa. Asubuhi alinyonya, saa nne alisimama katikati ya banda, akaanguka upande. Binti Mabuti alimpasua, akaniletea habari dirishani. Moyo una michirizi ya kijivu, kama ngozi ya chui milia. Ugonjwa huu wakubwa huwaumiza, wadogo huwaua kwa moyo.
Nilisema hata mimi moyo ndio utakaoniua.
"Wako umepanuka tu, mwalimu," akasema. "Huu haukuwa na kosa lolote."
Sijui alikuwa na maana gani. Mkwe alikaa na Shangazi mpaka jua likazama. Shangazi hashushi maziwa. Chuchu zimepona nusu, lakini anabana, anamngoja ndama.

Jumatano, 26 Machi
65. Nimemwomba Fundi aje. Haruhusiwi kuingia kwetu, wala sisi kuingia kwake. Kwa hiyo mwanangu alinibeba na kiti mpaka langoni, akaniweka nyuma ya lango lenye bawaba moja, na Fundi akasimama barabarani, ng'ambo ya ndoo ya magadi, na koti lake la mvua. Mkwe akanishikia mwavuli, kisha nikamwambia anilazie begani, aende.
Nilisema yote. Sikutafuta maneno mazuri. Ile mbili, ile saba, mtaro, suruali, kamba.
Fundi ana nywele nyeupe tayari. Alitazama bawaba ya juu muda wote, ile asiyomaliza.
"Nilishika ya yule mwekundu," akasema. "Wewe ulishika ya mweusi."
"Ndiyo."
"Baba alikufa akidhani ni yeye." Alisema polepole, kama mtu anayepima chuma kabla ya kukata. "Unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema daktari hawezi kukosea siku tano. Labda walikuwa wanaumwa na mimi sikuona. Miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alikuwa anafungua midomo ya ng'ombe, hata wa watu, njiani, anaangalia. Watu walimcheka. Alikuwa anaogopa asije akakosa kuona tena."
Mvua ilikuwa inalia juu ya mwavuli uliolazwa.
"Naomba..." nikaanza.
"Usiombe, mzee. Ukiomba itabidi nikujibu, na leo sina jibu. Nina ng'ombe anaumwa nyumbani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Andika. Weka saini ile ile yenye mkia. Isomwe mbele ya waliotaka kunifungia maziwa. Na iwekwe juu ya ile karatasi ya zamani, faili lile lile, isije ikasomwa moja bila nyingine."
"Nitaandika leo."
"Na aisome mwanao. Si daktari. Mwanao."
Mwanangu alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yangu, kwenye mvua. "Nitaisoma," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Na lile jina tulilokuita shuleni. Mimi ndiye niliyelileta darasani kwetu."
Fundi alimtazama. "Hilo nilijua," akasema. "Ulikuwa huna meno ya mbele, ulikuwa huwezi hata kulitamka."
Akakanyaga magadi ingawa hakuwa ameingia, mguu wa kulia, wa kushoto, akaenda zake.

Alhamisi, 27 Machi
66. Nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Mkia wa saini umekuwa mfupi.

Jumamosi, 29 Machi
66. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa kwa ajili ya karantini, leo wamekutana ukumbi wa shule, kila mmoja akikanyaga gunia la magadi mlangoni. Mwanangu ameisoma. Anasema ilipofika "tarakimu moja" aliirudia sentensi mara mbili. Yule mzee aliyeapa alikaa chini. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyezomea. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza ng'ombe wanne wa Mzee Filimbi walikuwa wa rangi gani, na Fundi akasimama akawataja, mmoja mmoja.
Kura ya kumfungia maziwa haikupigwa. Binti Mabuti ameziweka karatasi mbili pamoja na kuzipiga pini.

Alhamisi, 3 Aprili
65. Dawa mpya ya maji. Nakojoa kama Shangazi.

Jumanne, 8 Aprili
64. Chanjo imefika, wamechanja ng'ombe wa duara zima linalotuzunguka. Nimefuatilia kwa masikio.

Jumatano, 16 Aprili
63. Daktari wa kliniki alikuja. Alinisikiliza mgongo, akakunja kifaa chake taratibu mno. Namjua mtu anayefanya hivyo, nilikuwa nikifanya hivyo mbele ya wenye ng'ombe. Nikamwuliza ni siku ngapi. Akasema, "Mzee, mimi sisomi vidonda." Nikamwambia hilo ni jibu zuri.

Jumapili, 20 Aprili
63. Mvua inapungua. Mkwe anakamua Shangazi, inatoka robo ndoo, basi.

Jumatatu, 28 Aprili
62. Vikombe vitatu.
Karantini iliondolewa jana. Kwa ng'ombe hakuna kidonda kipya tangu mwezi uliopita.
Asubuhi nilisikia ndoo ya magadi ikipigwa na kiatu. Fundi, na mashine yake kwenye toroli. Hakuja dirishani. Alimsalimia mkwe, akafungua kamba iliyolishikilia lango tangu tarehe kumi na mbili Machi, akaanza bawaba ya juu. Sikuvuta pazia.
Mkwe alikuwa amekaa chini ya Shangazi na ndoo yake. Fundi alikuwa anapima chuma, na bila kujua, nadhani, akaanza mluzi. Wimbo ule wa baba yake, usio na maneno. Shangazi akageuza sikio moja, kisha la pili. Mkwe akanitazama kupitia dirishani. Nilisikia maziwa yakipiga kitako cha ndoo, mstari mmoja, halafu miwili, halafu sauti ikawa nzito kwa sababu ndoo inajaa.
Fundi naye alisikia. Aliukatiza mluzi, akatazama upande wa banda. Halafu akaendelea na mluzi, sasa akijua.
Saa saba mvua ikamkatiza tena. Alikusanya vyombo, akafika langoni, akakanyaga magadi, kulia, kushoto. Kisha akarudi hatua tatu mpaka dirishani pangu. Macho yake yalikuwa kwenye daftari hili.
"Bado pini ya bawaba ya juu," akasema. "Nakuja kesho kuimalizia. Usiende popote, mzee."
"Nitajitahidi," nikasema.
"Jitahidi," akasema.